Muulize kwanza anakaangia mafuta gani

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Ukisafiri kwa gari kufuata barabara ya pwani, nchi yoyote ile, wapi umekula kombe, chaza au kaa wazuri kuliko kote, na ulipajuaje?" Nimeona wengi wametaja nyumbani, Dabaso kule Mida na sambusa zake za kaa, chaza wa Kilifi, sawa, hapo sina ubishi. Ila mie ni mtu wa Mombasa ninayekaa Lowell, jimbo la Massachusetts huku Marekani, na huku kuna barabara ya pwani ambayo sifa yake yote ni kombe wa kukaanga, na kila mgeni akija kutoka kwetu naulizwa hilohilo, twende tukale wapi. Kwa hivyo najibu, lakini nitajibu zaidi hio "ulipajuaje", manake kwa sie tusokula nguruwe swali la kwanza sio wapi, ni mafuta gani.

Msimamo wangu nautoa mwanzo. Cha kukaanga cha njiani huku simshauri Mswahili. Nunua kombe wabichi, wakiwa hai, ukapike mwenyewe. Basi.

Sasa nieleze. Ukitoka Gloucester ukashika barabara nambari 133 unapita Essex, mji mdogo umekaa mtoni na nyasi za maji chumvi kila upande, alafu Ipswich, hapo 133 inaungana na 1A mpaka Rowley, ukifuata hio 1A unafika Newburyport, Salisbury, unaingia jimbo la New Hampshire, unapita Hampton Beach bahari iko mkono wako wa kulia, mpaka Portsmouth, ukivuka mto uko Kittery, tayari jimbo la Maine. Kwa kombe, kipande cha Essex na Ipswich ndo penyewe. Woodman's, mkahawa wa Essex, wanasimulia kwamba mzee wao, Lawrence Woodman waliyemwita Chubby, ndiye wa kwanza kukaanga kombe, tarehe 3 Julai 1916. Wako wanaobisha, lakini watu wanapanga foleni hapo mpaka leo. Clam Box ya Ipswich ipo tangu 1935, na jengo lenyewe wamelipa umbo la kile kiboksi cha karatasi cha kutilia chakula, chini kimebana juu kimepanuka. Kittery kuna Bob's Clam Hut, tangu 1956.

Kombe wenyewe ni wa ganda jembamba, jeupe, ukilibana kwa vidole linavunjika. Wanaishi ndani ya tope. Maji yakipwa wachimbaji wanashuka na reki ya mpini mfupi, wameinama toka kiunoni, wanapindua tope wakiokota mmoja mmoja, na ukiwaangalia ukiwa barabarani unawaona kina mama wa kwetu na wa Unguja wanavyoshuka wakati wa bamvua. Laiseni inatolewa na mji, na kombe asiyefika inchi 2 anatakiwa aachwe palepale. Na wamepungua sana miaka hii, kuna kaa mdogo wa kijani aliyeletwa na meli kutoka Ulaya zamani, anawala wakiwa wachanga, na bahari ya huku inavyozidi kupata joto yeye ndo anazidi kustawi.

Kukaanga kwenyewe ni rahisi: kombe anachovywa kwenye maziwa ya kopo, anagaragazwa kwenye unga laini wa mahindi, anatiwa kwenye mafuta yaliyochemka sana, muda mfupi tu anatolewa. Hapo kwenye mafuta ndo kuna maneno. Mafuta ya asili ya kazi hii ni ya nguruwe. Woodman's hawafichi, kwao ndo fahari. Clam Box wanajulikana kwa kuchanganya mafuta ya ng'ombe na ya mimea, na huyo ng'ombe hatujui amechinjwa vipi. Sie Mashafii, kilichotoka baharini karibu chote ni halali kwetu, kombe hana tatizo lolote. Tatizo ni karai.

Niwape kisa kimoja. Mama yangu alikuja kututembelea, ilikuwa kiangazi, mume wangu anaendesha tunaelekea Portland, hukohuko Maine, kwa wifi yangu, nikasema tusipite barabara kuu, tupite pwani mama aone. Tukasimama kwenye kibanda kimoja, jina naliacha. Meza za mbao nje, dirisha la kutolea oda, watu wamejaa. Mama harufu ya kombe ilimshika tangu mlango wa gari unafunguliwa, manake huku tulikuwa tumemlisha kuku na wali, kuku na wali. Nikaenda dirishani nikamuuliza kijana mnakaangia mafuta gani, akajibu ya mimea. Nikarudi nimefurahi. Mama akaniuliza, "Amefikiri kabla ya kukujibu?" Nikamwambia hapana, amejibu tu. Akasema, "Basi hajui huyo, mwanangu. Aliyejibu ni yule wa kupokea pesa. Niitie mwenye karai."

Niliona haya kwa sababu nyuma yangu kuna watu na njaa zao, lakini mama akisema keshasema. Nikarudi nikamuomba kijana atuitie mpishi. Akatoka mzee mmoja, mrefu, aproni yote unga, mikono imeungua alama za mafuta mpaka kwenye kiwiko. Nikamuuliza. Akamtazama kijana, akanitazama mie na mtandio wangu, akamtazama mama na buibui lake, akasema bila kuzunguka: ni mafuta ya nguruwe matupu, tangu enzi za babake. Kijana uso ukawa mwekundu mpaka masikio. Mzee hakumgombeza mbele za watu, alimwambia tu ukiulizwa kitu hujui, uje uniulize.

Alafu akatuita nyuma, mlango wa jikoni. Nadhani alitaka mama ahakikishe kwamba hadanganywi. Akatuonyesha boksi la mafuta, tofali jeupe limefungwa nailoni, na neno la nguruwe limeandikwa pembeni. Mama akaniambia muulize hawa kombe wamevuliwa lini. Nikatafsiri, na yule mzee akachangamka kabisa, nafikiri watu hawamuulizagi. Akavuta gunia la wavu kutoka kwenye friji la chumba akageuza tegi iliyofungiwa hapo: imeandikwa aliyechimba, tarehe, na sehemu ya pwani waliyotoka. Akatuambia sheria inamtaka azihifadhi tegi siku 90 hata gunia likishaisha, ili mtu akiugua ijulikane kombe ametoka wapi. Mama akachukua kombe mmoja aliyekuwa ameachama kidogo, akamgonga gonga kwa ukucha, na yule kombe taratibu akavuta shingo ndani akafunga. Mama akatikisa kichwa kukubali. Mzee naye akatikisa. Hawana lugha hata moja wanayojua wote wawili, na wakaendelea hivyo kombe baada ya kombe, mama anagonga, mzee anasubiri, mie mkalimani sina kazi. Mmoja hakufunga. Mzee akamchukua mkononi mwa mama akamtupa ndooni.

Tukataka angalau tununue chipsi kwa ajili ya watoto, akakataa kutuuzia. Karai ni lilelile, akasema, na vitunguu vya kukaanga hali kadhalika, msile hata kimoja hapa. Yaani alikataa pesa zetu. Akatuuzia kombe wabichi kwenye wavu, akatupa barafu, akatuambia tusiwaloweke kwenye maji baridi ya mfereji na tusiwafungie kwenye nailoni watakosa hewa wafe. Na namna ya kupika akamweleza mama hatua kwa hatua, kopo la maziwa akalinyanyua alione.

Jioni Portland mama aliwapika yeye mwenyewe. Maji ya moto kidogo tu mpaka maganda yaachame, akawatoa mmoja mmoja, ile ngozi nyeusi ya shingoni akaivuta ikavuka kama soksi, tumbo akaliacha zima. Maziwa, unga (ilikuwa sembe ya dukani, tulichekecha), mafuta ya mahindi kwenye sufuria ya wifi. Akaongeza chumvi, ndimu na pilipili ya kusaga, hilo mzee hakulisema. Nje wanakauka kwa ukoko mwembamba, ndani tumbo laini linapasuka lina chumvi yake, na mchanga kidogo kwenye meno, sitadanganya. Mama alikula amesimama kwenye jiko, watoto wanapokonyana, mume wangu ambaye ni mtu wa Kakamega na kombe hana mazoea naye akaomba tena.

Sasa naandika haya nikijua mwanzo nilisema cha njiani usile. Bado nasema, kwa sababu za mafuta. Lakini kadiri ninavyoandika naona sehemu ninayoiamini kuliko zote kwenye ile barabara ni hio hio ya mafuta ya nguruwe. Mbele zaidi tulipita pengine penye tangazo kubwa kabisa la mafuta ya mimea, nikauliza kombe wamechimbwa wapi, nikajibiwa wanakuja na lori. Lori kutoka wapi? Hakuna ajuaye. Mafuta halali hapo, sikatai, lakini sikula. Zamani ningesema mafuta kwanza alafu mengine baadae. Leo nasema mtafute anayejua anachokuuzia na yuko tayari kukosa pesa yako, alafu yeye mwenyewe ndo atakwambia kama chakula chake chakufaa au hakikufai.

Kwa hivyo jibu langu la wapi pazuri ni pale ambapo mie sijawahi kula cha kukaanga hata kimoja na sitakula. Rafiki zangu Wakristo nawapeleka, na wanarudi wakisifu. Tena kwa Muislamu sio lazima ubebe sufuria kama nilivosema juu, vibanda vingi vina kombe wa kuchemsha, wanakuja na kibakuli cha mchuzi wao na kingine cha siagi, unamsuuza kwenye mchuzi mchanga utoke, unamchovya kwenye siagi, na lobsta wa kuchemsha yupo pia. Uliza tu sufuria ni ya nini na kama wametia mvinyo. Ile supu nyeupe ya kombe iacheni mpaka muulize, ya asili inaanzwa na nyama ya nguruwe ya chumvi.

Mengine machache. Ukioda waambie unataka kombe mzima na tumbo lake, sio vile vipande virefu vilivyokatwa, hivyo ni vya kombe mwingine mkubwa wa bahari kuu, vitafuno tu. Mvua kubwa ikinyesha fukwe za kuchimba hufungwa kwa siku kadhaa, maji machafu yanaingia, kwa hivyo pigeni simu kabla ya kutoka, na baridi ikiingia vibanda vingi vinafungwa kabisa. Na tafadhali, nimesikia vijana wetu wa Lowell wakipanga kwenda kujichimbia kwa vile kwetu tumezoea kushuka tu na ndoo. Msifanye. Mbali na laiseni, kuna maradhi ya maji mekundu, mwani wenye sumu, mwaka 2005 ulifungisha pwani kutoka Maine mpaka huku Massachusetts, na sumu ile haitoki hata ukichemsha vipi, na kombe mwenye sumu hana harufu wala rangi tofauti, hata mama yangu kwa kugonga ganda hawezi kumjua.