Maskara inayoacha weusi chini ya macho hapa Dodoma: anza na mafuta unayopaka usoni

Mleta uzi, pole na karibu Dodoma. Umesema umehamia kikazi ukitokea Tanga, ukanunua maskara ya bei iliyoandikwa waterproof, yaani ya kuzuia maji, kwenye boksi. Unapaka alfajiri, na ukifika ofisini Mtumba tayari una weusi chini ya macho. Waliotangulia kukujibu wanasema umeuziwa feki, ununue nyingine. Inawezekana, lakini mimi napamba maharusi na wahitimu hapa mjini, na kwa ulivyoeleza naona shida iko kwenye mafuta uliyojipaka kabla ya hiyo maskara.

Hapa kwetu ni pakavu. Kuanzia Mei mpaka Novemba mvua ni kama hakuna, na upepo unakausha ngozi mpaka midomo inapasuka. Kwa hiyo kila mtu anajipaka, tena tunapaka mpaka kwenye kingo za macho kwa sababu ndiko ngozi inakokakamaa haraka. Sasa maskara ya kuzuia maji ina nta na vitu vingine visivyoyeyuka kwenye maji. Machozi inayamudu, jasho inalimudu. Inachoshindwa ni mafuta, na ndiyo maana hata usiku ukitaka kuitoa unatumia mafuta. Ukiwa na mafuta ya mgando chini ya jicho, kila unapopepesa kope zinagusa pale, na weusi unahama kidogo kidogo. Yaani unaitoa mwenyewe tangu asubuhi bila kujua. Tanga kuna unyevu wa bahari, pengine hukuhitaji mafuta mazito, na ndiyo maana hukuwahi kuliona tatizo hili.

Kuna njia rahisi ya kuhakikisha. Weusi ukitokea, upitishe kidole. Ukiteleza na kuacha mstari wenye ung'aavu, hayo ni mafuta. Ukihisi vipunje vikavu, basi ni makombo yanayodondoka kutoka kwenye kope, na hapo maskara yako imezeeka au umeirundika mno.

Asubuhi anza na losheni nyepesi mara tu unaponawa uso, na iishie kwenye mfupa wa chini ya jicho. Kama unapaka mafuta ya kukinga jua, nayo yaishie hapohapo. Mafuta ya mgando yape kazi ya usiku. Kunywa chai, vaa, acha ngozi inywe losheni yake. Ukirudi kwenye kioo, kunja tishu na ugandamize juu na chini ya jicho bila kusugua, halafu zibane kope zenyewe kwa tishu hiyohiyo, maana nazo huwa zimebeba mafuta. Malizia na poda kidogo sana chini ya jicho. Nikimaliza hatua hii kwa bibi harusi huwa sina wasiwasi tena, hata kama najua atalia kanisani.

Kama unatumia kile chuma cha kukunjia kope, kitumie kabla ya maskara. Ukikunja kope zilizokwisha kupakwa zinakatika.

Brashi ichomoe taratibu huku unaizungusha. Ukiisukuma na kuivuta kama anayejaza upepo baiskeli, unaingiza hewa ndani ya kopo na maskara inakauka kabla ya muda wake. Kisha tazama ncha ya brashi: pale hukaa kibonge, na kibonge hicho ndicho kinachogandisha kope tatu pamoja. Kifutie kwenye tishu. Wengi hufutia kwenye mdomo wa kopo, uchafu unaganda pale na kifuniko hakibani tena. Mimi nafuta mpaka nywele za brashi zinaonekana mojamoja. Utadhani imebaki kidogo mno. Inatosha.

Sasa weka kioo chini, usawa wa kifua, uinamishe macho ukitazame. Ukifanya hivyo ngozi ya juu ya jicho inanyooka na kukaa mbali na kope. Peleka brashi kwenye shina, itikise kidogo kushoto na kulia, kisha ivute mpaka nchani. Uzito ubaki kwenye shina, kwa sababu ncha nzito ndizo zinazogusa ngozi. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, usiinue macho kujitazama. Kope bado mbichi. Ukitazama juu tu, vidoti vyeusi vinajipanga chini ya nyusi kwa mstari. Endelea kutazama chini kama nusu dakika. Mpako wa pili uweke wakati wa kwanza unakaribia kukauka, maana ukisubiri ukauke kabisa ndipo unapopata yale makombo.

Kope za chini, kwa maoni yangu, ziache kabisa miezi ya upepo, hasa kama unaenda kazini kwa bodaboda au bajaji. Vumbi likiingia machozi yanatoka, mkono unafuta wenyewe. Vaa miwani njiani, hata ya jua. Ukiwa na shughuli ya ndani na lazima uzipake, simamisha brashi wima na uguse kwa ncha tu.

Ikikuchafua, usiifute ikiwa mbichi wala usilowanishe kitu. Iache ikauke, chukua kijiti cha pamba kikavu, kizungushe juu ya doa. Linabanduka lote na poda yako inabaki.

Usipoweza kabisa kuacha mafuta mazito, basi badilisha aina ya maskara. Kuna inayoandikwa tubing, ambayo inavika kila ukope kijiganda chake. Hiyo haiyeyuki kirahisi kwa mafuta ya ngozi, na usiku inatoka kwa maji ya uvuguvugu. Hii ya waterproof uliyonayo itoe hivi: lowesha pamba kwa mafuta, ilaze juu ya jicho lililofumbwa kwa muda mfupi, kisha vuta kwenda chini bila kusugua. Nawa kwa sabuni, maana mafuta yakibaki kwenye kope ndiyo utaamka nayo kesho.

Kuna aliyeuliza hapo juu kama maskara iliyokauka inafaa kuongezwa matone ya maji. Hapana, na mate ndiyo kabisa. Unapunguza nguvu ya kinachozuia vijidudu, kisha unapeleka kitu hicho jichoni. Ikishafunguliwa ikae kama miezi mitatu, baada ya hapo itupe. Wala msiazimane, hata ndugu wa tumbo moja. Mwanzoni mwa 2024 tuliona macho mekundu yalivyosambaa nchini. Maharusi ninawapaka kwa vibrashi vya kutumia mara moja, na msaidizi haruhusiwi kuchovya kimoja mara mbili.

Na kwa wenzangu wa mkoa huu: ugonjwa wa macho wa vikope (trakoma) tunaujua, wilaya yetu ya Kongwa imefanyiwa utafiti wa ugonjwa huo kwa miaka mingi. Ukikaa sana unageuza kope ziingie ndani. Mama au bibi akilalamika kope zinamchoma jicho, zimegeukia ndani, usimpake kitu wala usizing'oe kwa kibano ukadhani umemaliza. Mpeleke kwa daktari wa macho, maana kope hizo zinakwaruza kioo cha jicho na anaweza kupoteza uwezo wa kuona.

Mleta uzi, kesho asubuhi jaribu kubadilisha hilo la mafuta tu, mengine yaache kama yalivyo. Kisha urudi utuambie unapaka losheni gani, na ukipitisha kidole unapata mstari au vipunje.