Maswali Yenu: Mawimbi Yakikatika, Tagi Hukumbuka Nini?

Swali: Tunahesabu makasha kwa tagi za RFID za UHF zisizo na betri (vibandiko vyenye chipu vinavyosomwa kwa mawimbi ya redio), visomaji vyote vikiwa kwenye kikao S2, kimojawapo cha vikao vinne vya kuhesabia. Lango la kwanza linasoma kila kasha. Lango la pili, hatua chache mbele, linakosa mengi. Tukiyarudisha baada ya muda yanasomwa bila shida. Je, tagi zetu ni mbovu?

Jibu: Hapana. Zimenyamaza kwa sababu zinakumbuka kwamba zimeshahesabiwa.

Katika kiwango cha kiufundi cha tagi hizi, EPC Gen2 (ISO/IEC 18000-63), kila tagi ina bendera nne za kuhesabiwa, yaani alama ndogo ndani ya chipu, moja kwa kila kikao kuanzia S0 hadi S3. Bendera huwa A au B. Tagi ya A ikishahesabiwa hugeuka B, na kisomaji kinachowaita walio A hakiisikii tena. Bendera ya S2 hubaki ilivyo maadamu tagi inapata nguvu kutoka kwenye antena. Nguvu ikikatika, kiwango kinataka idumu zaidi ya sekunde 2. Shida yenu inaanzia hapo, maana kimewekwa kima cha chini tu, cha juu hakipo. Chipu moja hushika sekunde chache, nyingine makumi ya sekunde, na kasha linafika lango la pili likiwa bado B.

Lango la pili litume kwanza amri ya Select inayorudisha bendera ya S2 kwenye A, ndipo lianze kuhesabu. Tagi haijibu Select, kwa hiyo hamtajua ni zipi hazikuisikia. Itumeni mara mbili au tatu. Isirudiwe katikati ya hesabu, la sivyo makasha yaleyale yataanza kujibu upya. Njia rahisi zaidi ni kuliwekea lango la pili kikao S3, ambacho bendera yake lango la kwanza halikuigusa. Hata hivyo, kasha likirudi upesi kwenye lango lilikotoka, tatizo ni lilelile.

Swali: Kwa nini bendera hizo zisiandikwe tu kwenye kumbukumbu ya kudumu, ile inayotunza namba ya tagi?

Jibu: Kwa sababu ya nguvu na muda. Kuandika EEPROM, yaani kumbukumbu hiyo ya kudumu, kunahitaji volti nyingi ambazo chipu hujitengenezea yenyewe kutokana na mawimbi hafifu, na kiwango kinairuhusu tagi kuchukua hadi milisekunde 20 kabla ya kujibu kwamba imeandika. Kisomaji kinachohesabu mamia ya tagi kwa sekunde hakiwezi kungoja kiasi hicho kwa kila moja. Ndiyo maana bendera hushikwa na chaji ndani ya kapasita ndogo sana, na chaji hiyo huvuja kupitia transista zilizoizunguka. Joto huuchochea uvujaji: kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 za Selsiasi huuzidisha karibu maradufu. Tagi iliyoshika muda mrefu kwenye ubaridi isiaminiwe juani kabla ya kupimwa.

Vikao havilingani. S0 husahau mara tu nguvu inapokatika. S1 hushika kati ya milisekunde 500 na sekunde 5, halafu hurudi A hata kama tagi bado inapata nguvu. Penye tagi nyingi, za mwanzo huanza kujibu tena kabla za mwisho hazijahesabiwa. Na mawimbi hukatika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Nchini Marekani, kwa mfano, kisomaji hurukaruka kati ya masafa na hakikai kwenye chaneli moja zaidi ya sekunde 0.4, na kila mruko unaweza kuiacha tagi bila nguvu kwa muda mfupi.

Kupima, chukueni tagi moja na antena moja. Hesabuni kwa S2 mpaka bendera iwe B. Zimeni mawimbi kwa sekunde 1, washeni, kisha iteni walio B. Ikijibu, bado inakumbuka. Rudieni kwa sekunde 2, 5, 10 na 30, tena kwenye joto la mahali pa kazi. Kila aina ya chipu mliyo nayo ipimwe peke yake.

Swali: Tagi ikiondolewa katikati ya kuandikwa, data hubaki nusu. Tujikinge vipi?

Jibu: Kwanza, kusomeka si kuandikika. Kuandika hula nguvu zaidi, kwa hiyo umbali wa kuandikia ni mfupi. Sogezeni tagi karibu, itulie, na itafuteni kwa TID, namba ya chipu iliyowekwa kiwandani, kwa kuwa EPC (namba ya tagi mnayoiandika wenyewe) iliyoandikwa nusu haitafutiki kwa namba ya zamani wala mpya.

Data inayobadilika iwekeni nakala mbili. Kumbukumbu huandikwa kwa maneno ya biti 16. Tuseme maneno 0 hadi 3 ni nakala ya kwanza: namba ya mfululizo, data maneno mawili, na CRC-16 ya hayo matatu, yaani namba ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana nayo. Maneno 4 hadi 7 ni nakala ya pili. Andikeni daima juu ya nakala ya zamani, kisha isomeni tena. Anayesoma huchukua nakala ambayo CRC yake ni sahihi na mfululizo wake ni mkubwa. Nguvu ikikatika, nakala nzima inabaki upande wa pili.

Neno lililokatizwa likionekana sahihi, msiliamini. Chaji yake huenda haikujaa, na leo likasomeka vizuri, kesho likabadilika. Liandikeni upya.

Nenosiri la ufikiaji nalo ni maneno mawili ya biti 16. Uandishi ukikatika na tagi ikakataa nenosiri la zamani na jipya, jaribuni neno la kwanza jipya na la pili la zamani. Kufuli liwekwe tu baada ya yote kusomwa na kulingana.