Tulimnunulia baba miwani, kumbe tatizo lilikuwa kisogoni

Asubuhi ile baba aligonga bega la kushoto kwenye mwimo wa mlango, akautukana mlango. Saa nne akaipiga kumbo glasi ya chai ya mama iliyokuwa kushoto kwake. Jioni akashika gazeti, akalitua, akasema wachapaji wa siku hizi hawajui kazi, sentensi zinaanzia katikati. Tukacheka. Mzee ana miaka 71, presha ya siku nyingi, dawa anameza akikumbuka. Tukasema ni uzee. Kesho yake nikampeleka duka la miwani.

Pale alisomeshwa herufi za ukutani, akafika hadi mstari wa chini, ila kila mstari aliruka herufi moja mbili za mwanzo. Hakuna aliyejali, nami nikiwemo. Tukalipa miwani ya kusomea, tukarudi. Siku nne zikapotea hivyo.

Aliyegundua ni mtoto wa shangazi yangu, tabibu wa zahanati, aliyekuja Jumapili kusalimia. Alimwona baba akila ugali huku bakuli la dagaa lililo kushoto halijaguswa. Akavuta kigoda, akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

“Mjomba, ziba jicho la kushoto kwa kiganja. Nitazame puani, usihamishe jicho. Ukiona vidole vyangu vinacheza, niambie.”

Akachezesha vya upande wa kulia wa baba. “Hivyo hapo.” Akachezesha vya kushoto. Kimya. Vidole vinacheza, sote tunaviona, baba katulia anangoja.

“Haya, anza basi,” baba akasema.

Wakabadilisha jicho. Ikawa vilevile.

Hilo la kubadilisha jicho ndilo ninalotaka ulishike. Jicho likiharibika, kasoro huwa ya jicho hilo. Ukiliziba, lile zima linaona pande zote. Macho yote mawili yakipoteza upande uleule, usihangaike na miwani. Neva zinazotoka machoni, kila moja ina nyuzi kama milioni moja, hukutana nyuma ya macho, na nusu ya kila moja huvuka kwenda upande wa pili. Kwa hiyo kila kilicho kushoto kwako, kiwe kimeonwa na jicho lipi, hupelekwa ubongo wa kulia, hadi kisogoni. Macho yanapokea mwanga tu, kuona kunafanyikia huko nyuma. Baba macho yake yalikuwa mazima.

Daktari wa Kijapani, Tatsuji Inouye, aliichora ramani ya sehemu hiyo kwa njia ya kusikitisha. Alikuwa akiwapima askari waliopigwa risasi kichwani kwenye vita vya Urusi na Japani, 1904 hadi 1905. Alipima risasi ilipoingia na ilipotokea, kisha akalinganisha na sehemu ambayo askari haoni. Siku hizi hakuna haja ya risasi: kipimo cha CT, kilichotumika kwa mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, kinaupiga ubongo picha za vipande vipande. Picha ya baba ilionyesha doa jeusi nyuma upande wa kulia. Kiharusi. Mshipa wa damu umeziba.

Niliuliza kwa nini madaktari wanasisitiza kuwahi hospitali, nikaeleweshwa hivi. Seli za ubongo kwa kawaida hazigusani. Umeme unakimbia ndani ya seli hadi mwisho wa uzi wake, pale vifuko vidogo vinamwaga kemikali, kemikali inavuka mwanya mwembamba mno na kuiamsha seli ya pili, au kuituliza. Kila baada ya ujumbe seli lazima ijipange upya, kama mtu anayejaza ndoo kisimani tangu asubuhi, na kazi hiyo inakula nguvu. Ndiyo maana ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Damu ikikatika, seli zinaanza kufa ndani ya dakika. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya CT kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Sisi tulifika siku ya tano na risiti ya miwani mfukoni.

Tatizo letu wengi ni kwamba tunasubiri mdomo upinde na mkono ulegee. Kiharusi cha baba hakikupinda chochote. Kwa hiyo mzee akianza ghafla kugonga vitu vya upande mmoja, kuacha chakula nusu sahani au kulalamikia gazeti, mkalishe umpime vidole kama tulivyofanya, dakika moja inatosha. Ukiona kasoro, andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, beba dawa zake zote, nenda hospitali yenye CT. Aspirini ya jirani ikatae mpaka picha isomwe, maana kama damu inavuja utaichochea. Na ukifika sema waziwazi, “Haoni upande huu kwa macho yote mawili,” kwa sababu mapokezi watamwona anatembea na kuongea vizuri, watamweka kwenye foleni.

Nyumbani sasa tunaishi na nusu iliyobaki. Baba amefundishwa kugeuza kichwa kushoto kila mara badala ya kungoja jicho lione. Kwenye gazeti tumemchorea mstari mwekundu pembeni kushoto, asianze kusoma mpaka aupate. Baiskeli kampa mjukuu, kwa manung'uniko. Barabarani ndiko kugumu: akimaliza kutazama kulia anasahau kwamba bodaboda hutokea kushoto pia, basi mama hutembea upande huo, kamshika kiwiko, na baba huwaambia watu kwamba ni yeye anayemvusha mama.