Masuali yenu ya simu na laini: neti ya jirani si lazima iwe yako

Haya jamani, masuali ya simu yamerundikana mpaka nishaona haya kufungua meseji. Mengi yanafanana, kwaiyo nimechagua haya saba, na aliyekuwa hajaona lake naamini atalikuta ndani ya la mwenziwe.

Niko Jambiani, mwanangu yuko Maskati. Akinipigia WhatsApp sauti inakatakata mpaka tunaishia kusema hallo hallo tu. Ninunue laini gani yenye neti nzuri?

Shikamoo mama. Ningekuwa mtu wa matangazo ningekutajia kampuni moja hapa tukamaliza, lakini ntakuwa nakudanganya, mana mtandao mzuri wa Unguja nzima haupo, upo mzuri wa pahala. Unaweza ukakuta laini inakamata vizuri Kibigija halafu ukenda Kikadini kwa dada yako ikawa inatafuta, na laini ni ileile na simu ni ileile. Neti ni habari ya mnara tu: mnara wa nani uko karibu yako, baina yenu pana nini, na watu wangapi wanaugombania saa hiyo.

Fanya hivi. Kwanza ulize majirani, lakini usiulize "mtandao gani mzuri", kila mtu atasifia wake. Waulize wao WhatsApp wanapiga wakiwa wapi, chumbani au wanatoka nje mpaka chini ya mnazi. Yule anayepiga akiwa kitandani ndo umfate huyo. Halafu mwambie mjukuu aje na simu yake yenye laini hiyo, akae chumbani mwako, si uwani, na aje usiku baada ya isha, mana asubuhi kila mtandao ni mzuri, usiku ndo watu wote wamo mitandaoni na hapo ndo utaijua rangi yake.

Kama mjukuu ni mjuzi kidogo mwambie aingie kwenye mipangilio ya simu, pale pa kuhusu simu, atafute hali ya laini, ataona namba ina alama ya kutoa mbele na dBm nyuma. Hiyo ndo nguvu ya mtandao yenyewe, vile vijiti vya juu kila kampuni ya simu inavichora itakavyo. Kwa 4G ikiwa -85 hivi ni raha tupu, -100 inakwenda, ikifika -110 na kuendelea ndo hizo hallo hallo. Na simu yako wewe mwenyewe mama ni ya 4G kweli? Mana wapo wanaolaumu mtandao miaka miwili kumbe simu yao inaishia 3G.

Kingine, ukenda kusajili laini kwa wakala wa mwamvuli, kidole chako ni kidole chako. Akikwambia "weka tena haijakubali, weka tena" mara tatu mara nne, uliza. Watu wameshasajiliwa laini wasizozijua na zikaenda kutapelia watu huko. Piga *106# baadae uangalie namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoijua nenda kaifute.

Nasoma chuo kikuu cha SUZA, nna laki tatu. Nataka smatifoni nzuri, RAM kubwa, kamera nzuri, betri inakaa. Ipi?

Laki tatu unataka harusi na fungate humohumo! Sikucheki, sote tumepita huko. Kwa pesa hiyo utachagua kitu kimoja kiwe kizuri na vyengine viwe vya kusukuma siku, na mie ningekushauri uchague betri na nafasi ya kuekea vitu, kamera iache, mana kamera ya simu rahisi hata waiandikie megapikseli hamsini bado usiku itakupa picha za ukungu.

Sasa huo RAM, yaani pale simu inapofanyia kazi zake. Utakwenda Darajani utaoneshwa boksi limeandikwa RAM 8GB kwa herufi kubwa, angalia chini kwa maandishi ya mchwa utakuta 4+4. Maana yake RAM ya kweli ni nne, hizo nne nyengine simu inazikopa kwenye memori yake yenyewe, na memori haina mbio kama RAM. Si uongo moja kwa moja ila si nane. Muulize muuzaji "ya kweli ngapi?" akianza kuzungukazunguka ujue anajua. Chini ya 4 ya kweli usinunue, utakuwa unafungua WhatsApp unakwenda kunywa chai unarudi ndo inafunguka. Nafasi chukua 128 ukiipata, magrupu ya darasani peke yake yanakula 64 kwa semista moja, PDF na voisi za mwalimu na video za harusi za watu usiowajua.

Wauzaji watakugombanisha hapo TECNO na itel na Infinix ipi bora, na mimi nacheka, mana zote tatu ni za mwenyewe mmoja, Transsion wa China. Chagua kwa kilichomo ndani si kwa jina. Ukiweza kujibana ukaongeza pesa, tazama simu iliyoahidiwa apdeti za miaka mingi, mfano Samsung Galaxy A16 wenyewe wameiahidi miaka sita, na simu isiyopata apdeti hufika siku programu za benki zikaikataa hata kama kioo bado kinameremeta.

Na feki. Hapa nnalia mwenyewe. Zamani nilinunua simu duka moja mjini, silitaji, imeandikwa jina kubwa, kava zuri, boksi limefungwa nailoni. Tarehe 16 Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walipozizima simu feki nchi nzima nikaamka asubuhi yangu imekuwa kioo cha kujitazamia. Nikarudi dukani naambiwa "sisi tunauza tu". Kwaiyo kabla hujatoa hata shilingi bonyeza *#06#, itatoka IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ilinganishe na ya kwenye boksi, halafu itume kwa meseji kwenda 15090 watakujibu ni simu gani. Wakijibu jina jengine kuliko ulilolishika mkononi, aga taratibu uondoke. Na ujaribu memori kwa kuijaza, nakili mafaili makubwa uone kama yanafunguka, mana zipo zinazoandika 256 kwenye mipangilio na ndani imo 32.

Dada yangu yuko Marekani ananiletea iPhone 15 iliyotumika. Itakubali laini za huku?

Mwambie asilipe kwanza! Tangu iPhone 14 ya mwaka 2022, iPhone zinazouzwa Marekani hazina tundu la laini kabisa. Si kwamba limejificha, halipo, zinatumia eSIM peke yake, laini isiyokuwa na kadi inayoingizwa kwa kuskani. Kwaiyo hiyo 15 ya dada utaishika, utaizungusha, utatafuta pa kuchomeka laini yako mpaka uchoke. Nenda duka la kampuni yako ya simu, si kwa wakala wa mwamvuli, ulize kama wanakupa eSIM na kama wanaweza kukutolea papohapo kwa namba yako ileile. Wakikujibu ndio, sawa. Wakikujibu "labda", mwambie dada atafute ya Uingereza, au ya 15 na 16 kutoka Dubai au Maskati, hizo zina tundu. Ila ikifika 17 hata za Oman na Emarati hazina, nakwambia mapema mana najua mjomba wenu yuko huko pia.

La pili, simu za Marekani nyingi zinakatwa kwa mkopo na zinafungwa kwa kampuni ya kule. Dada aingie mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, aangalie pale pa kufungwa kwa mtandao paandikwe haina kizuizi. La tatu mwenye nayo wa mwanzo awe ametoa akaunti yake ya iCloud, ile inayoifunga simu, mbele ya macho ya dada. Fundi wa Darajani anabadili kioo, anabadili betri, hilo la iCloud hata akikuapia usimpe pesa.

Tunakaa Mkunazini. Barazani neti imejaa, nikiingia chumbani hakuna kitu. Simu mbovu?

Simu nzima, nyumba ndo ya babu. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi mtu anakaa juu ya dirisha akavuta miguu, na mawimbi ya simu yakifika hapo yanachoka. Yale ya chini, ya megahezi 700 mpaka 900, yanapenya kuta vizuri zaidi na yanafika mbali, ya 1800 na 2100 yana nafasi ya kubeba watu wengi lakini ukuta yanauogopa. Ndo mana unaweza kukuta simu ya tochi ya bibi inapiga chumbani na smatifoni yako iko inatafuta 4G. Angalia simu yako inasoma bendi 20 na 28, hizo ndo za chini kwa 4G, simu nyengine za mtumba kutoka nchi za watu hazina.

Dawa rahisi: nunua rauta ya laini, ieke ghorofa ya juu dirishani, itupe waifai chini, WhatsApp utapiga ukiwa popote. Anayekaa nyumba ya bati na anaona hivyohivyo, bati nalo linarudisha mawimbi, dirisha lile la upande wa mnara ndo ofisi yako.

Wapemba walioniuliza suali hili, kwenu si kuta ni vilima. Kijiji kikiwa bondeni na mnara uko nyuma ya kilima basi mnara unaona mikarafuu tu, nyinyi hauwaoni. Pale simu ya milioni haisaidii. Shehia isiyokuwa na mnara kabisa pelekeni suala lenu kupitia sheha, upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ambao kazi yake ndo hiyo, kupeleka minara pale kampuni zinapoona hapana faida.

Nna namba yangu ya 0777 tangu enzi, watu wote wanaijua. Nataka kuhama mtandao lakini namba siitaki kuiacha.

Huna haja ya kuiacha, tangu 2017 unahama na namba yako. Unakwenda kwa kampuni unayohamia si unayotoka, na kitambulisho, wao ndo wanakufanyia na watakwambia utume meseji ya neno HAMA. Ila kabla ya hapo toa pesa zote zilizomo kwenye laini, lipa ulichokopa, maliza na bando, mana hivyo havihami na wewe.

Lakini nikwambie ukweli, kwa mtu wa 0777 ningesema usihame. Simu nyingi zinaingia laini mbili. Ile ya zamani iwe ya kupigiwa na ya pesa, mpya iwe ya bando. Tena wengi hawajui kwamba Tigo na Zantel, hiyo yako ya 0777, mwenyewe ni mmoja kwa miaka sasa, na Tigo ndo iliyobadilishwa jina 2024 ikawa Yas, kwaiyo kabla hujahama kutoka moja kwenda nyengine uliza minara ni ya nani, usije ukafunga mizigo ukahamia chumba cha pili cha nyumba ileile.

Ninunue simu ya 5G?

Kama 5G imefika mtaani kwako na pesa ipo, nunua. Kama unakaa Micheweni na 4G yenyewe inakuja na kurudi, pesa hiyo nunua betri.

Mie mvuvi wa Nungwi. Nikenda mbali kidogo simu inakufa mtandao, na simu zangu zinaharibika kila miezi. Mtandao gani unafika bahari kuu?

Kaka, baharini kuna jambo zuri na jambo baya. Zuri ni kwamba maji hayana nyumba wala miti, mawimbi yanakwenda moja kwa moja, kwaiyo mnara wa pwani unaweza kukukamata mbali kuliko nchi kavu. Baya ni kwamba kwa 2G ya kawaida mnara hauhudumii simu iliyo zaidi ya kilomita 35 hivi. Si nguvu iliyokwisha, ni saa ya mnara, simu ikiwa mbali zaidi ya hapo sauti yako inafika imechelewa na mnara unaihesabu haipo. Na waliopanda boti baina ya Unguja na Pemba wanajua pale katikati kila mtu anainua simu juu kama anaangalia mwezi.

Kwaiyo uliza wenzako wa dago, kambini kwa wavuvi, mtandao gani unakufa wa mwisho, huo ndo wako, na simu ya baharini iwe kitochi, smatifoni iache nyumbani. Kitochi betri yake inakaa siku kadhaa na kikizama hasara ni ndogo. Hata hizo simu za bei zinazosema haziingii maji, zimepimwa kwa maji safi, chumvi inakula tundu la chaja hata kama maji hayajaingia ndani. Ikirowa maji ya bahari, izime palepale, toa betri kama linatoka, isuuze kwa maji ya kunywa kidogo, ndio umesikia sawa, maji ya kunywa, mana chumvi ikikaukia ndani ndo inaua, halafu iache ikauke kivulini siku mbili. Kwenye mchele usiitie, mchele upike ule. Na kabla hujapita mwamba ukiwa bado una vijiti, mpigie wa nyumbani umwambie uko wapi na umekusudia kurudi maji gani.