Maswali ya Wasomaji: Kikuku cha Sikioni

SWALI: Ndugu Mhariri, baada ya salamu. Nafundisha Biolojia kidato cha pili hapa Ngamiani, Tanga. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, lakini nikifafanua kwa Kiswahili huwaambia wanafunzi kwamba sikio la kati lina vifupa vitatu: nyundo, fuawe (chuma anachopondea mhunzi) na kikuku. Nyundo haikuwapa tabu. Kikuku wao wanakijua cha mguuni kwa bibi harusi, wakauliza mbona mchoro haufanani na bangili. Kitabu kinakiita stapesi. Je, hilo ni neno la Warumi wa kale? Tena, nawezaje kutengeneza kielelezo cha darasani kwa vitu vya kuokoteza? (Mwalimu, Ngamiani)

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza panapostahili. Kikuku kina maana mbili. Ya kwanza ni hiyo ya pambo, bangili nene ya mkononi au mguuni. Ya pili ni chuma kinachoning'inia ubavuni mwa tandiko, anachotia mguu mpanda farasi. Kifupa cha sikio kimepewa jina kwa maana hii ya pili. Huku pwani maana hiyo haisikiki kwa sababu farasi wenyewe ni wa nadra. Ugonjwa unaoenezwa na mbung'o haukuwapa nafasi. Tulichozoea ni punda, na mpanda punda aghalabu hukaa miguu ikining'inia tu.

Mweleze mwanafunzi achore chuma hicho cha farasi: chini pana bapa la kukanyagia, na kutoka kwenye bapa mikono miwili inapanda na kukutana juu. Kifupa kiko hivyo hivyo. Bapa lake ni wayo, umbo la yai, urefu kama milimita 3 na upana kama 1.4. Juu yake miguu miwili, wa mbele mwembamba na ulionyooka zaidi kuliko wa nyuma, kisha shingo, kisha kichwa kinachoshikana na fuawe. Kimo chote ni milimita 3 na kitu, uzito wake kama miligramu 3. Kiweke kando ya punje ya mchele, kinafika kama nusu tu ya urefu wake. Hakuna mfupa mdogo kuliko huo mwilini.

Na lile tundu lililo katikati ya miguu miwili halikuja bure. Mtoto angali kiinitete tumboni mwa mama yake, mshipa wa damu hupita hapo, na kifupa huumbika kwa kuuzunguka. Baadaye mshipa hutoweka, tundu likabaki. Kwa hiyo hata yule aliyefikiria bangili hakukosea sana: kifupa hicho kilianza kweli kama pete iliyovishwa mshipa.

Sasa jina la stapesi. Lina sura ya Kilatini cha kale, lakini Warumi wa kale hawakuwa nalo, kwa kuwa hawakuwa na kitu chenyewe. Walipanda farasi bila vikuku. Vyuma hivyo viliingia Ulaya vikitokea Asia baada ya dola ya Rumi ya magharibi kuanguka mwaka 476, na Kilatini cha Zama za Kati kikalazimika kujitungia jina. Neno hilo huhusishwa na maneno mawili ya zamani, «stare», kusimama, na «pes», mguu, yaani mahali mguu unaposimama. Waitaliano nao husema «staffa».

Aliyekiita kifupa kwa jina hilo ni Giovanni Filippo Ingrassia, tabibu wa Sisili, aliyekibaini akiwa Napoli mwaka 1546. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1603, yeye akiwa amekwisha kufa tangu 1580. Nyundo na fuawe zilikuwa zimetangulia: Andreas Vesalius, bingwa wa elimu ya maumbile ya mwili, alizieleza kwenye kitabu chake cha 1543 na kuzifananisha na vyombo vya mhunzi. Fuawe aliifananisha pia na gego lenye mizizi miwili, na ukiitazama utakubali. Kikuku kilimponyoka kwa sababu ni kidogo mno na kimejificha shimoni. Ukiiondoa fuawe kwa pupa, chenyewe hubaki kimenasa dirishani, yaani kwenye kitundu cha kuingilia sikio la ndani, wala hukioni.

Tunalipenda sana neno fuawe. Kilatini chake, «incus», kinatokana na kitenzi cha kupiga na kufua. Cha kwetu kinatokana na kufua chuma. Lugha mbili zisizo na udugu zimekitaja chombo kimoja kwa kazi ile ile. Waarabu nao husema «rikab» kwa kifupa cha tatu, na ni chuma kile kile cha farasi. Kwa hiyo endelea kusema kikuku, Mwalimu, ila mara ya kwanza sema «kikuku cha farasi».

Kielelezo: kikuze kila kipimo mara 10. Tafuta kopo la maziwa ya unga lenye mdomo wa sentimita 10 hivi, ulitoboe pande zote mbili. Kata shingo ya puto, uliwambe kwenye mdomo mmoja na kulifunga kwa mpira. Hicho ndicho kiwambo cha sikio. Chonga nyundo ya ubao laini, sentimita 8, zaidi kidogo ya nusu iwe mpini. Bandika mpini kwenye puto kuanzia ukingo wa juu, ncha ikomee katikati. Fuawe iwe kama sentimita 7, yenye mkono mrefu na mkono mfupi. Ifunge na kichwa cha nyundo kwa uzi ili ziende pamoja, kisha zote mbili zitundike kwa nyuzi kwenye upinde wa waya, kama kano zinavyozitundika sikioni. Kikuku kiunde kwa waya wa kufungia nondo uliokunjwa mara mbili, kimo milimita 33, na kichwa chake ukifunge kwenye mkono mrefu wa fuawe. Wayo ukate kwenye kifuniko cha ndoo, milimita 30 kwa 14.

Sikio la ndani ni chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, kilichojazwa maji hadi juu. Kata ubavuni dirisha la umbo la yai, milimita 34 kwa 18, na chini yake dirisha la mviringo la milimita 20. Yafunike yote mawili kwa vipande vya puto na gundi ya pancha, acha yakauke kabisa kabla ya kutia maji. Bandika wayo katikati ya dirisha la juu. Ukikibonyeza kiwambo taratibu, dirisha la chini litafura, ukiachia, litarudi.

Wengi hulisahau dirisha la chini, kisha hushangaa kikuku hakiendi. Maji hayabanwi: ukiyasukuma hapa lazima yapate pa kutokea pale, na ndiyo sababu sikio lina madirisha mawili. Kosa jingine ni gundi kuvuja hadi ukingoni na kuugandisha wayo. Usikitupe kielelezo hicho, kifundishie otosklerosisi, ugonjwa ambao mfupa huota pembeni mwa wayo mpaka kikuku kinakwama na mtu hasikii vizuri. Tangu daktari wa masikio John Shea alipofanya upasuaji wake Marekani mwaka 1956, madaktari huweza kukitoa na kuweka cha bandia.

Vipimo usivikisie. Eneo la kiwambo linalotikisika ni kama milimita mraba 55, la wayo ni 3.2. Msukumo uleule ukikusanywa kwenye eneo dogo hivyo, shinikizo hupanda mara 17 hivi, na nyundo ikiwa ndefu kidogo kuliko fuawe huongeza tena mara 1.3. Bila hivyo sauti ingegonga maji na karibu yote kurudi hewani.

SWALI: Mwanangu ana miaka mitatu, sikio linatoa usaha wiki ya tatu sasa. Jirani anasema mifupa ya sikio itaoza. Ni kweli? (Mama, Pangani)

JIBU: Yawezekana, dada, kama usaha utaachwa kwa muda mrefu. Kinachotangulia kuliwa aghalabu ni mkono mrefu wa fuawe, kwa kuwa ni mwembamba na damu inayoufikia ni kidogo. Hufuata miguu ya kikuku. Mnyororo ukikatika hapo, sauti haivuki.

Usaha uliofika siku 14 ni sugu, kwa hiyo mpeleke zahanati au kituo cha afya apimwe na kupewa dawa ya matone inayofaa. Nyumbani likaushe sikio angalau mara tatu kwa siku: sokota kitambaa safi laini kama utambi, uingize, ukilowa utoe na uweke mwingine, mpaka utoke mkavu. Kisha ndipo utie dawa. Usitumie kijiti, wala usitie mafuta, maziwa ya mama au maji ya majani. Asiogelee baharini wala mtoni mpaka apone. Akivimba nyuma ya sikio na pakawa panauma ukigusa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.