Diski mbili si nakala mbili: majibu kuhusu seva na hifadhi ya wingu

Nauza vitambaa mtandaoni kutoka Biashara Street. Nimepata seva ya mtumba yenye diski mbili zilizofungwa RAID 1. Bekapu bado naihitaji?

Unaihitaji, na swali hili mmelileta tena na tena. RAID 1 huandika kitu kile kile kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Moja ikifa, duka linaendelea kuuza, na kazi yake inaishia hapo. Kijana wako akifuta jedwali la oda, limefutika kote kuwili. Virusi vya kuteka mafaili vikiingia, vinayafunga kote kuwili. Mwizi akibeba seva, kabeba zote.

Kila usiku toa nakala ya databesi, yaani ghala la majedwali ya duka. Kama ni programu ya MySQL yenye majedwali ya InnoDB (aina yake ya kawaida), tumia amri ya mysqldump na kigezo --single-transaction ili wateja waendelee kununua wakati nakala inatoka. Ifunge kwa nywila, kisha itume kwenye hifadhi ya wingu inayotunza matoleo ya nyuma ya kila faili. Ufunguo uliowekwa kwenye seva uwe na ruhusa ya kuandika tu, si ya kufuta. Mara moja kwa wiki nakili kwenye diski ya nje, halafu uichomoe na kwenda nayo nyumbani. Diski iliyoachwa imechomekwa hutekwa pamoja na seva.

Inabaki kazi ambayo wengi wenu mnairuka. Kila mwezi rejesha nakala hiyo kwenye mashine tupu, hesabu oda, fungua picha kadhaa, andika imechukua muda gani. Hapo ndipo hugundulika kwamba faili lina baiti 0 kwa kuwa diski ilijaa. Kwamba picha za bidhaa hazimo, maana hazikai ndani ya databesi. Kwamba nywila ya kufungulia iliandikwa mahali pamoja tu, kwenye seva ile iliyokufa. Ambaye hajawahi kurejesha asiseme ana bekapu.

Na kabla hujalipia mtumba huo, endesha smartctl -a, amri ya kupima afya ya diski, kwa kila diski. Ukiona sekta (vipande vya diski) zinazosubiri kuhamishwa zimezidi 0, diski hiyo usiichukue hata kwa bei ya kutupa.

Google Drive ya bure inatosha?

Haitoshi: ni GB 15, na faili ukilifuta kwenye kompyuta iliyounganishwa, na kule linafutika, likikaa kwenye pipa la taka siku 30 tu.

Niko Likoni. UPS (betri ya dharura) ya VA 650 itaibeba seva ya dukani?

VA ni kipimo cha umeme kinachoandikwa kwenye tangazo, lakini si wati. Soma wati zilizoandikwa nyuma ya kifaa. Kwa saizi hiyo kwa kawaida hazifiki 400, na seva ikila 200 utapata dakika chache. Dakika hizo si za kuendelea kuuza, ni za kuzima kwa usalama. Chomeka waya wa USB kutoka UPS hadi seva, weka programu ya NUT inayosoma hali ya UPS, iamuru izime seva betri ikishuka. Bila hivyo UPS yako imechelewesha ajali tu. SSD (diski zisizo na sehemu inayozunguka) za bei rahisi kwa kawaida hazina kapasita, vihifadhi vidogo vya umeme, za kumalizia kuandika umeme unapokatika, na databesi inaweza kuharibika hapo hapo.

Betri za madini ya risasi za UPS nazo hazipendi joto letu. Zikizidi nyuzi 25, kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Ongeza upepo wa chumvi unaokula viunganishi, na utaona kwa nini duka la mtandaoni nashauri likae kwenye seva ya kukodi. Ya dukani iwe ya kamera na mauzo ya kaunta.

Hifadhi ya wingu ya kumbukumbu, ya data isiyoguswa mara kwa mara, ni ya bei rahisi mno. Nitie picha zote huko?

Picha za bidhaa, usithubutu. Kwenye Glacier Deep Archive ya Amazon unaweza kungoja saa 12 au zaidi kabla faili halijapatikana, na ukilifuta kabla ya siku 180 unalipia muda wote huo. Hapo weka hesabu za zamani ambazo KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, inataka uzitunze miaka 5. Angalia pia bei ya kutoa data, si ya kuiweka tu. Bili nyingi zinazoshtua watu hutokea hapo. Piga na hesabu ya laini yako: TB 1 kwa Mbps 10 ni zaidi ya siku 9 mfululizo.

Seva ya kukodi ikae Cape Town au Ulaya, wapi bora kwa mteja wa Mombasa?

Pima kwa ping, amri inayoonyesha seva inachukua muda gani kujibu, kutoka laini ya mteja, asubuhi na usiku, kabla ya kulipia mwaka mzima. Ramani isikudanganye, kinachohesabika ni njia ya nyaya. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Kwa hiyo duka likikaa kusini, bekapu ipeleke kaskazini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikukatazi kuweka data nje ya Kenya, ila inataka uthibitisho kwamba huko italindwa. Na data za wateja zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data, popote seva ilipo.