Ukiwahamisha gogogo, anza na sakafu ya tangi

Samaki wa juu akikosa hewa utamwona anahema kwenye uso wa maji. Gogogo, kambare mdogo anayefugwa kwenye tangi la kioo na kuishi chini, hujibana nyuma ya jiwe lake, nawe unadhani anapumzika. Ndiyo maana wafugaji wengi hapa Goma huniambia kwamba baada ya kubadilisha tangi samaki wa juu walibaki wazima, wale wa chini wakafa bila sababu. Sababu ipo, na mara nyingi iko sakafuni, mahali ambapo hatuna mazoea ya kutazama.

Mimi nafuga gogogo wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wenye madoa meusi na kingo nyeupe za mapezi. Hutufikia kutoka Uvira kwa gari hadi Bukavu, kisha kwa boti. Ninayoandika yanawahusu hao kwanza, ingawa kambare wengine wadogo wa kufugwa kwenye kioo hawako mbali nao.

Kokoto ya lava iliyopondwa iko kila kona ya mji wetu, ni rahisi, na weusi wake unapendeza. Usiiweke. Gogogo hutafuta chakula gizani kwa kupitisha sharubu zake chini, na kingo za lava humchubua. Vitundu vyake navyo hushika mabaki ya chakula ambayo mpira wa kunyonya uchafu hauyafikii. Yanaoza humo humo, na sharubu yenye kidonda ikigusa uozo ule kila usiku huliwa na bakteria hadi ikabaki fupi. Huota tena polepole kama shina lake limesalimika, lakini kwenye sakafu safi tu. Tafuta mchanga laini, uoshe hadi maji yatoke bila vumbi, na usizidishe tabaka la sentimita 2 au 3. Mapango yajenge kwa mawe ya mviringo, tena mawe yakae juu ya kioo chenyewe kabla hujamwaga mchanga, maana samaki akichimba chini ya jiwe linaloegemea mchanga linaweza kumwangukia.

Sasa maji. Tangi jipya ni safi machoni tu. Samaki hutoa amonia, uchafu wenye sumu, kwa kupumua na kwa kinyesi, na bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huchukua takribani wiki 4 hadi 6 kujijenga wenyewe. Kwa hiyo hamisha sponji ya kichujio cha zamani, wanamoishi bakteria hao, pamoja na samaki. Usiioshe siku hiyo, usiiache ikauke, na usiitoe kwenye tangi jipya hata kama umenunua kichujio kikubwa zaidi.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Maji ya Ziwa Kivu yana pH (kipimo cha uasidi; 7 ni katikati) inayokaribia 9, na hilo linawafaa samaki wa Tanganyika kwa sababu ziwa lao nalo liko karibu na hapo. Lakini amonia hubadilika kulingana na pH. Kwenye maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yake yenye sumu haifiki asilimia 1. pH ikiwa 9, ni zaidi ya theluthi. Uchafu ambao mfugaji wa maji yenye pH ndogo anaweza kuuvumilia wiki nzima, kwako unaua. Wiki za kwanza lisha nusu ya kawaida na badilisha robo ya maji kila baada ya siku 2 au 3.

Watu huniuliza sana kuhusu gesi ya Kivu. Methani na kaboni dayoksidi nyingi ziko kilindini. Maji ya juu tunayochota yana hewa yake. Hofia klorini, dawa ya kusafishia maji, kuliko gesi. Bidoni iliyokuja kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, huenda imetiwa dawa ufukweni, basi mimina maji kwenye beseni pana, yaache wazi siku nzima, yapuliziwe hewa ukiweza. Maji ya mvua mimi siyatumii kabisa: hayana chumvichumvi za kushikilia pH, na moshi wa volkano ya Nyiragongo unaweza kuyaachia asidi na floridi.

Siku ya kuhama, weka wavu pembeni. Miiba ya mapezi ya gogogo hujifunga ikasimama, hunasa kwenye nyuzi, na kumnasua ni kumjeruhi. Mwongoze aingie kwenye chombo cha plastiki ndani ya maji. Akitoka tangi lako la zamani, mzoeze taratibu kwa kudondosha maji mapya kidogo kidogo. Akitoka safari ndefu kwenye mfuko uliofungwa, fanya haraka. Ndani ya mfuko kaboni dayoksidi imeshusha pH na kuituliza amonia. Ukifungua, pH inapanda na amonia inakuwa sumu humo humo. Linganisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, kisha mhamishe bila maji yake.

Ziwa letu liko kama mita 1,460 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu hubeba oksijeni pungufu kuliko ya pwani, na chini ya tangi ndiko hupungua kwanza. Jiwe la hewa liweke sakafuni, na pampu iwe na betri. Umeme ukikatika usiku, funika kioo kwa blanketi joto lisishuke, ukiacha nafasi ya hewa juu. Kichujio cha kufungwa kikizimika kwa saa nyingi, mwaga maji yaliyolala ndani yake kabla ya kukiwasha.

Lisha baada ya kuzima taa, chakula kinachozama, na asubuhi nyonya kilichobaki. Asipokula siku za kwanza, mwache. Kinachonitia wasiwasi ni gogogo anayezurura mchana kweupe huku akihema kwa kasi. Hapo pima maji na ubadilishe sehemu yake kabla ya kufikiria dawa. Dawa ikilazimu, kumbuka ngozi yake haina magamba: epuka zenye shaba, anza na nusu ya kipimo, na ongeza hewa muda wote wa tiba.